Shabaha Huanzia Unapoketi

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa jamii yetu hapa Louisville, Kentucky, wiki chache kabla ya msimu wa bata mzinga wa majira ya machipuko kufunguliwa. Waliokosa wameiomba. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa zile sehemu nilizolazimika kurudia kwa sababu ya kelele za watoto.

Wazee wangu, shikamoni. Akina mama, ndugu zangu wa Bukavu na Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie uwindaji wa bata mzinga wa porini, hasa maswali mawili mnayoniuliza kila tunapokutana: nikae wapi, na nipige kutoka umbali gani? Wengi wenu mnaanza na hilo la pili, tena kwa hamu, kwa kuwa ndilo lenye bunduki ndani yake. Bunduki hii inafika wapi? Risasi hizi za bei mbaya zinafika wapi? Leo nataka niwarudishe kwenye swali la kwanza, maana la pili limezaliwa humo. Umbali utakaopiga unaamuliwa mapema, gizani, pale unapochagua mti wa kuegemea. Ukikaa pazuri, ndege atakuja yadi ishirini na tano na bunduki yoyote ya kawaida itatosha. Ukikaa pabaya, je, kuna bunduki ya kukuokoa? Hakuna.

La sheria nalipitia haraka. Uwe na leseni ya uwindaji na kibali cha bata mzinga. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo lazima awe na kadi ya mafunzo ya uwindaji. Hapa Kentucky, machipuko, unaruhusiwa ndege wawili kwa msimu mzima, mmoja kwa siku, na awe na ndevu, yaani ule mkia wa manyoya magumu unaoning'inia kifuani. Aliyeko hapa kwa viza ya muda, asiye mkimbizi wala mwenye grini kadi, aongee na mwanasheria kabla hajashika bunduki ya mtu, kwa sababu sheria ya silaha ya nchi hii ina masharti yake kwa wageni wa muda. Na shamba la mtu ni la mtu, hata kama hukuona uzio. Piga hodi, omba ruhusa. Hilo hatuhitaji Mmarekani atufundishe.

Sasa tumjue ndege mwenyewe.

Mnamjua bata mzinga wa kufugwa, yule mnene wa Thanksgiving ambaye hata kuruka ukuta hawezi. Mfuteni kichwani. Wa porini analala juu ya mti. Anakimbia kilomita kama 40 kwa saa, na akiruka anaenda na gari la barabarani. Pua yake si kitu. Lakini macho, ndugu zangu, macho! Yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo bila kugeuka anaona karibu mzunguko wote, isipokuwa kipande kidogo nyuma yake. Akigeuza shingo kidogo, hicho kipande nacho kwisha. Rangi anaziona. Kidole kikitikisika anakiona. Na masikio yake yanamwambia sauti imetoka kwenye mti upi.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalowatesa wawindaji wa hapa tangu babu zao. Alfajiri dume hulia akiwa bado mtini, gulugulugulu, bonde zima linasikia. Analia ili majike wamfuate. Jike ndiye anayetembea. Dume akishuka anajitutumua, anatandaza mkia, anaburuza mabawa chini, anangoja kufuatwa. Sasa mwindaji anafanya nini? Anakaa chini ya mti, analia kama jike, halafu anataka dume ndiye aje. Tunamwomba afanye kinyume cha desturi yake! Wakati mwingine anakubali, lakini anakubali kwa masharti. Anakuja mpaka pale anapoweza kuona mahali sauti ilipotokea, anasimama, anatafuta kwa macho. Jike yuko wapi? Mbona haonekani? Hapo hasogei tena.

Lishikeni hilo, maana yote nitakayosema yanatoka humo. Bata mzinga husimama pale anapoanza kuona. Kama anaanza kuona akiwa yadi sabini, atasimama yadi sabini. Kama anaanza kuona akiwa yadi ishirini na tano, atasimama yadi ishirini na tano, na hapo umeshamaliza kazi.

Kuna kijana mmoja wa kwetu, yumo humu ukumbini, simtaji. Alipata ruhusa kwenye shamba la mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe, kusini ya hapa. Alichagua mahali pa kukaa kwa akili ya mlinzi: ukingoni mwa uwanja wa majani, anauona wote, hakuna kinachoweza kupita bila yeye kujua. Dume akashuka, akaja katikati ya uwanja, akatandaza mkia. Akajizungusha huku, akajizungusha kule. Muda mrefu. Hakuongeza hatua hata moja. Mwisho majike halisi wakapita, akaondoka nao.

Yule mzee aliposikia alicheka, akamwambia, kesho twende wote. Akamketisha nyuma ya kijimwinuko, mahali ambapo kijana alikuwa anaona mbele yake yadi thelathini tu, basi. Kijana akanung'unika moyoni: hapa nitaona nini? Dume akalia, akaitwa, akanyamaza. Ukimya. Kisha kichwa chekundu kikachomoza juu ya mwinuko, peke yake, shingo imenyooka, kinatafuta. Yadi ishirini na tano. Hakuwa na pengine pa kusimama na kutazamia, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa haoni kitu.

Mnaona? Mlinzi hukaa anapoona mbali. Anayemngoja bata mzinga hukaa mahali ambapo ndege, siku atakapomwona, tayari yuko ndani ya masafa. Tafuteni mwinuko. Tafuteni kona ya njia ya trekta. Tafuteni pale msitu unapojikunja.

Na angalieni kilicho katikati yenu na ndege. Ndege huyu ana mabawa lakini hapendi kuyatumia asubuhi ile. Uzio wa waya, kijito, korongo, kichaka kizito, vyote humsimamisha. Nimeona dume akitembea kando ya kijito ambacho mtoto angekiruka, kwenda na kurudi, anamjibu jike wa upande wa pili kila akiitwa, na havuki. Mwindaji upande wa pili anazidi kuita. Kuita si dawa. Dawa ni kwenda mapema, mchana wa jana yake, ukatembea shamba lote, ukajua uzio uko wapi, ukaketi upande alipo ndege. Pia kaeni usawa wake au juu yake kidogo. Kupanda kilima kwa ajili ya sauti anakubali kuliko kushuka, ndivyo wazee wa hapa wanavyoshikilia, nami sijaona sababu ya kubishana nao.

Utajuaje alipolala? Nenda jioni, sikiliza. Hapa wana hila moja ambayo mara ya kwanza itawashtua. Wanalia kama bundi. Dume akisikia bundi usiku unapoingia, anaropoka kwa hasira kutoka juu ya mti na anajitaja mahali alipo. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wanaulizana nani mgonjwa. Hapa mtu mzima, baba wa watoto, anasimama gizani analia bundi kwa furaha! Ukishajua mti wake, rudi kabla ya mapambazuko, keti kama yadi mia moja au mia na hamsini kutoka hapo. Ukimsogelea zaidi atakusikia unakanyaga majani, naye ataruka upande mwingine wa kaunti.

Sasa namna ya kukaa. Nitawaonyesha hapa mbele, mama mwenye kiti naomba nikiazime.

Mti uwe mpana kuliko mabega yako na mrefu kuliko kichwa chako ukiwa umeketi. Kaa mbele yake, mgongo umeegemea. Nimeona watu wanajificha nyuma ya mti na kuchungulia. Ukichungulia umetikisika, na ukitikisika umeonekana. Mbele ya mti, ukiwa na nguo zako za mabakamabaka, uso umefunikwa, mikono ina glavu, umekuwa sehemu ya gome. Tena mti huo unakukinga mgongo dhidi ya mwindaji mwingine aliye nyuma yako. Ukae kivulini, jua likiwa nyuma yako ikiwezekana. Na kagueni kupe mkirudi nyumbani, akina mama wananielewa.

Wewe unayepiga kwa mkono wa kulia, ndege unamtegemea atokee wapi? Mbele yako kabisa? Hapana. Geuza mwili mpaka bega la kushoto lielekee kule anakotokea. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa, jifanye umeshika bunduki. Ona jinsi mikono inavyokwenda kushoto bila shida. Sasa nenda kulia. Umekwama, sivyo? Ukikaa umemwelekea, nusu nzima ya msitu imekufungia. Anayepiga kwa kushoto afanye kinyume. Goti la mbele liinuliwe, mtutu ulale juu ya goti, kitako kiwe tayari begani kabla ndege hajatokea. Kabla! Akishatokea, ruhusa ya kusogea unayo pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya shina la mti, au anapojizungusha na mkia wake ukafunika macho yake.

Haya, umbali. Mlikuwa mnaungoja.

Sote humu tunajua mpira, kwa hiyo nitatumia uwanja. Wewe ni kipa, umekaa chini katikati ya goli. Mstari wa kumi na nane ni yadi 18 kutoka kwako. Ongeza kumi na nane nyingine, umefika yadi 36. Duara la katikati linaanza kama yadi 45 hivi au zaidi kidogo, kutegemea uwanja. Ndege akiwa nje tu ya kumi na nane, kati ya yadi 20 na 30, huyo ndiye tunayemtaka. Akiwa yadi 40, hapo ndipo mwisho. Akigusa duara la katikati, huyo si wako. Narudia kwa ajili ya waliokuwa wanatazama simu: akigusa duara la katikati, si wako.

Kwa nini 40? Bunduki tunayotumia ni ya marisau. Haitoi risasi moja, inatoa punje mamia, nazo hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Na tunampiga wapi ndege huyu? Kichwani na shingoni, basi. Kifua chake kina manyoya mazito na nyama nene, marisau yanaishia humo, ndege anakimbia na anafia kichakani usikokujua. Ubongo wake na mifupa ya shingo ni shabaha ndogo sana. Kwa yadi 40, kwa bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) iliyofungwa vizuri ile choki ya mdomoni inayobana marisau, punje zimeshatawanyika kufikia karibu mita moja, lakini katikati bado kuna za kutosha. Zikizidi hapo zinaanza kuacha mapengo, na shingo ya ndege inaweza kupita kwenye pengo bila kuguswa vizuri. Imeguswa vibaya tu.

Najua kuna anayetaka kunipinga. Tungsteni! Ni kweli. Marisau ya tungsteni ni mazito kuliko ya madini ya risasi, gramu kama 18 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11.3. Ndiyo maana punje ndogo ya namba 9 ya tungsteni inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji punje kubwa zaidi, namba 5 au 6, maana namba ikipanda punje inapungua. Watu wanapiga yadi 50 na zaidi nazo. Sasa nikuulize: wewe unajua yadi 50 inavyoonekana alfajiri, mwanga hafifu, moyo unagonga, uwanja tambarare usio na hata kijiti cha kulinganishia?

Kijana mwingine, huyu hayumo, alinunua risasi za tungsteni kwa bei ambayo mkewe hajaambiwa mpaka leo. Dume likasimama mbali kwenye malisho. Akakadiria arobaini na tano. Akapiga. Manyoya yakaruka, ndege akaanguka, akainuka, akakimbia msituni. Walimtafuta mpaka jua likawa kali. Walipopima baadaye kwa kile kifaa cha kupima umbali kwa mwanga, ilikuwa sitini na kitu. Risasi zake hazikuwa na kosa lolote.

Mtaniambia, ni ndege mmoja tu. Ndugu zangu, mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hawa walikuwa karibu kwisha nchi hii, misitu imekatwa na uwindaji hauna mipaka. Waliwarudisha kwa kuwakamata wachache waliobaki kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga, wakawapakia kwenye magari na kuwahamishia jimbo hadi jimbo. Kentucky ilipata wengi kutoka Missouri kwa kubadilishana na fisi maji, fisi maji ambao wenyewe walinunuliwa Louisiana! Na tangu sheria ya mwaka 1937, kila pakiti ya risasi inayouzwa inatoa ushuru wa kutunza wanyamapori. Ndege aliyefia kichakani hakuna aliyemla, na hesabu ya leseni yako haimjui.

Kuhusu kuchinja, ndugu zangu Waislamu, sheikh yupo mstari wa mbele, muulizeni yeye. Mimi nasema tu kwamba ndege aliyepigwa karibu unamfikia mapema.

Kwa hiyo fanyeni hivi kabla ya msimu. Chukua karatasi kubwa, chora duara lenye upana wa inchi 10. Piga kutoka yadi 40, kwa bunduki yako, kwa choki yako, kwa risasi zilezile utakazowindia. Hesabu matundu ndani ya duara. Wawindaji wengi wa hapa wanataka 100. Hayafiki? Sogea 35. Hayafiki? Sogea 30. Pale yanapofika ndipo mpaka wako, hata kama jirani yako anapiga mbali zaidi. Bunduki mbili za kiwanda kimoja hazitupi marisau sawasawa.

Kisha piga kutoka yadi 10 pia. Watu hucheka nikisema hivi. Kwa yadi 10 marisau bado yamesongamana, upana wa ngumi. Ukikosea kidogo umekosa kabisa. Mama mmoja jasiri wa jamii yetu dume lilimjia mpaka karibu na viatu vyake, likatoka nyuma ya mwaloni bila kulia. Alipiga, akaona udongo unaruka, ndege akapotea. Alikuwa amezoea kulenga kwa yadi thelathini, ambako kosa la vidole viwili linasamehewa.

Ukishaketi pale mtini, chagua alama. Kama hakuna ndege karibu, tembea hatua ndefu arobaini mpaka kwenye jiwe au mche fulani, useme: huu ndio mpaka. Ukiweka ndege bandia, mweke yadi ishirini, naye anakuwa kipimo. Na dume likiwa limejitutumua, usipige. Shingo imejikunja ndani ya manyoya. Lia mara moja, kwa ukali kidogo, litanyanyua kichwa kutazama. Lenga pale ngozi tupu inapokutana na manyoya ya shingo. Hapo.

Usalama. Kichwa cha dume kina rangi tatu: nyekundu, nyeupe na buluu, kama bendera ya Marekani. Kwa hiyo wewe usivae hata moja ya hizo, wala nyeusi kama mwili wake, hata soksi, hata leso mfukoni. Shabiki wa Simba, jezi yako nyekundu na nyeupe iache nyumbani. Yanga msishangilie, njano nayo inaonekana na ndege kutoka mbali. Ukisikia dume linalia, usilinyemelee. Huenda anayelia ni mtu mwenye kifaa cha kuigizia sauti ya ndege, na mwenzako amekaa na bunduki gotini. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja, usimpungie mkono. Ongea, kwa sauti kubwa, ya binadamu: Niko hapa! Ukimbeba ndege, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya machungwa. Na usifyatue kamwe mpaka umeona kichwa, umeona ndevu, na umeona kilicho nyuma yake.

Nimalizie na swali nililoletewa kwenye karatasi hapa. Anauliza: nimefanya yote, nimekaa vizuri, dume limekuja, limesimama yadi sitini na halisogei. Nifanye nini?

Nyamaza. Acha kuita kabisa, robo saa, nusu saa. Dume lisilosikia kitu wakati mwingine linahisi jike anaondoka, na linamfuata. Au mwenzako, kama mko wawili, awe ameketi nyuma yako yadi thelathini au arobaini tangu mwanzo, yeye ndiye aite, ili pale ndege anapotaka kusimama mbali na sauti pawe mbele ya mtutu wako. Na kama halikuja, liangalie vizuri linasimama wapi, karibu na mti gani, linatazama upande upi, halafu liache liende zake. Kesho yake, kukiwa bado giza, mahali pa kuketi unapajua.